Mtungi wa Buluu

Kibandiko kwenye kisigino cha mtoto kililia tena asubuhi ile, kabla chai haijachemka. Kilikuwa na mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyeachwa nyuma, na hakikulia ila uzito wa mtoto uliposhuka. Mwatumu alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, binti yake kifuani, ananyonyesha. Katikati ya kunyonyesha huko ndipo kidude kikalia. Ni sawa na kutukanwa na mtu ambaye ndiyo kwanza unamtilia chakula kwenye sahani.

"Nimekusikia, mwanahizaya we," alikiambia. "Nimekusikia. Nyamaza."

Mtoto aliitwa Mwanamvua, kwa kuwa alizaliwa siku iliponyesha mvua ya kweli Pangani Mpya, si huu ukungu wa kila siku unaokamuliwa kwenye nyavu. Watu walitoka nje wakasimama vinywa wazi, wazima na akili zao. Hemedi, baba wa mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa kuzishona na kuzitengeneza hizo nyavu huko kileleni, alirudi amelowa chapachapa, anacheka peke yake. "Binti yangu kaja na maji yake mwenyewe," alisema. Siku zile walikuwa bado wanacheka.

Sasa Mwanamvua alikuwa na shingo ya kizee. Ngozi ya mapaja ililegea, nepi zilishinda kavu, na usingizi wake haukuwa wa kushiba, ulikuwa wa kuchoka. Siku ambazo mtoto hurudia uzito wake wa kuzaliwa zilikuwa zimekuja na kupita, naye bado anashuka.

Msaada haukukosekana. Nesi Eliwaza Mhina alipanda kilima kila asubuhi na mkoba wake begani, akaketi chini kama mtu wa nyumbani, akafundisha. Mwatumu alifundishwa kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Alifundishwa kumngoja apanue kinywa kama anayepiga mwayo, ndipo amvute, achukue weusi wote wa titi na siyo ncha tu. Akilala katikati amkune nyayo. Akimaliza, akamue, na hayo matone yaliyopatikana amnyweshe kwa kikombe kidogo. Alinyonyesha mpaka akaota ananyonyesha. Mama mkwe naye alileta uji wa mtama wenye pilipili manga, na Mwatumu akaunywa wote, jasho likimtoka.

Siku hiyo nesi alikagua ulimi wa mtoto kwa mara nyingine, akampima, akabonyeza titi la mama taratibu kwa vidole viwili.

"Mama Mvua," alisema, "sikiliza nikwambie bila kuzunguka. Mtoto ananyonya vizuri. Wewe unafanya kila kitu sawasawa. Ila maziwa hayapo ya kutosha, na sidhani kama yatakuja. Titi lako halikujengeka ndani. Nadhani ni kwa sababu ya kulelewa na mtungi, lakini wewe ndiye wa kwanza kuzaa katika rika lenu, kwa hiyo siwezi kukuapia. Endelea kumpa hayo uliyonayo, yana faida. Lakini peke yake hayamtoshi."

"Kwa hiyo kosa langu."

"Sijasema hivyo na wala sitasema."

Mwatumu hakulia mbele ya nesi. Alingoja ashuke kilima, akalia mpaka sufuria ya chai ikafurika, ikazima moto.

*

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kabla Mwatumu hajazaliwa. Maziwa ya kopo aliyasikia kwa wazee tu. Bahari ilipoila Pangani ya zamani, watu wake walihamia milimani wakiwa wamekunywa maji ya chumvi miaka mingi, na chumvi ile iliwakausha kina mama matiti. Watoto walikufa njiani, wakafa na mahemani. Ndipo mafundi wakaotesha maziwa. Walichukua chembe hai kwenye titi la Bi Kibibi wakazipanda katika mtungi wa kioo uliochorwa mstari mwekundu, na chembe za Bi Zawena wakazipanda katika wa buluu, wakazilisha sukari na mwanga, nazo zikatoa maziwa ya binadamu kama ziko mwilini.

Mashehe walikubali, kwa sharti moja. Maziwa ya mtu ni maziwa ya mtu, hata yatoke kwenye kioo. Aliyenyonya ziwa la Bi Kibibi ni mwanawe, na wanawe wote ni ndugu, na ndugu hawaoani. Kwa hiyo kila mtoto alivishwa ushanga shingoni wa rangi ya mtungi wake, na ziwa lake likatajwa hadharani, ili asije mtu siku moja akasema hakujua. Mwatumu alivaa buluu. Hemedi alivaa nyekundu. Siku ya harusi yao kungwi alizifunga zile shanga mbili pamoja kwenye kidole chake, akawaonyesha watu, watu wakashangilia.

Anayetaja ziwa huitwa mtaja, na mtaja wa Pangani Mpya alikuwa Bi Saumu, mama mzazi wa Mwatumu. Bomba la mtungi halikufunguka ila kwa sauti yake. Tena sauti hiyo ilikwenda kwanza kwenye vipaza vilivyofungwa kwenye nguzo za mji mzima, mashine ikajisikiliza kutoka huko nje, ikihakikisha mji umesikia, ndipo ikalegeza bomba. Waliojenga mfumo ule hawakuaminiana hata kidogo, na hilo lilionekana.

Basi wakampeleka Mwanamvua kwenye ukumbi wa mitungi. Bi Saumu alivaa kanga zake za kazi, akasimama mbele ya kinasa sauti. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Sikieni! Mwanamvua binti Hemedi, mama yake ni Mwatumu, mtoto wa ziwa la Bi Zawena. Leo mtoto anywa ziwa la Bi Zawena, kama mama yake. Mliopo na msiopo, shuhudieni!"

Mtungi ukanguruma ndani kwa ndani. Mtoto wa mwanamke aliyelelewa na mtungi hapewi maziwa hivi hivi. Mtungi huacha alama katika mwili wa aliyenyweshwa, alama humpitia mpaka kwa mtoto wake tumboni, na mashine lazima ichanganye maziwa kwa kuifuata alama hiyo, la sivyo tumbo la mtoto linayakataa. Mashine iliamini ilichoambiwa na mtaja. Mtaja aliangalia ushanga. Kipimo cha kuisoma alama yenyewe kilikuwapo, nesi alikuwa nacho mkobani, lakini nani aliyekihitaji? Ushanga ulikuwa shingoni, kila mtu anauona.

Mwanamvua alikunywa. Kinasa sauti hubaki wazi mpaka bomba lifungwe, hivyo mji wote ulimsikia akigugumia, na kutoka majumbani vigelegele vikaja vikipanda kilima. Hemedi alimkumbatia mkewe mbele za watu, jambo lisilokuwa desturi, na Bi Saumu akajifanya anafuta kioo.

Kabla hawajafika nyumbani mtoto alikuwa ametapika yote. Wakarudi siku iliyofuata, akatapika. Wakarudi tena, akatapika mpaka akatoa nyongo, na kibandiko kikalia mfululizo, hakinyamazi hata ukikifunika kwa kitambaa.

*

"Nipe tone moja la maziwa yako," alisema nesi Eliwaza.

Alikuwa mtu wa Korogwe, Mlutheri, amehamishiwa pale mwaka ule, na shanga za watu wa Pangani Mpya kwake zilikuwa urembo kama urembo mwingine. Alitia tone kwenye kilinganishi chake, kijimashine cha ukubwa wa kiberiti, akasubiri huku akimchezea mtoto kidole.

"Aa, ndiyo maana!" alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Walikosea tu. Wewe si wa buluu, mama Mvua. Alama yako ni ya mtungi mwekundu. Tumemchanganyia mtoto maziwa kwa hesabu siyo. Akichanganyiwa ya nyekundu atakunywa na atakaa nayo. Mungu mkubwa, nilishaanza kuogopa."

Mwatumu alimtazama. "Pima tena."

"Hakikosei hiki."

"Nesi, nimesema pima tena."

Alipima tena. Alipima mpaka mwenyewe akaona kwamba mwenzake hakuwa na furaha, alikuwa amekaa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Kuna nini?" aliuliza nesi. Halafu macho yake yakaenda kwenye kigingi cha mlangoni, ambako Hemedi alikuwa ametundika ushanga wake ili usikwame kwenye nyavu. Alikuwa amekaa katika mji ule muda wa kutosha kuelewa. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Huwezi kuiambia mashine wewe mwenyewe?" Mwatumu aliuliza. "Kimya kimya?"

"Hainisikii mimi. Inamsikia mama yako tu."

"Na nikimsubirisha mtoto?"

Nesi hakupenda kulijibu hilo, lakini alilijibu. "Umsubirishe nini, mama Mvua? Hana cha kusubiria. Barabara ya kwenda hospitali ya bondeni unaijua ilivyo, na hatafika. Ukiniuliza mimi, leo ni bora kuliko kesho."

*

Bi Saumu alikuwa jikoni kwake anatwanga kisamvu. Alipomwona bintiye mlangoni, mtoto mgongoni, alitabasamu, na tabasamu lile Mwatumu alilichukia papo hapo.

"Mama, mtungi wa buluu ulikufa lini?"

Mchi ulibaki juu. "Nani kakwambia?"

"Kumbe ulikufa."

Bi Saumu aliuweka mchi chini kwa uangalifu, kana kwamba ungeweza kuvunjika. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi. Alitafuta mahali pa kuangalia, akapapata kwenye majivu.

"Wewe ulikuwa mapajani mwangu," alisema. "Mdogo kuliko huyo wako. Titi langu kavu, linatoka damu. Ukawa umeanza kunywa buluu, unanawiri. Asubuhi moja fundi ananiita, naona maziwa yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Chembe zote zimekufa. Akaniambia, Bi Saumu, tunaweza kuchukua mbegu kwenye mtungi wa Bi Kibibi tukaipanda humu. Nikamwambia panda."

"Na ungewatangazia watu."

"Ningewatangazia nini? Kwamba watoto wote wa mji sasa ni ndugu? Mwatumu, tulikuwa tunatoka kuzika, tunarudi kuzika. Mji ambao vijana wake hawawezi kuoana, nani angekubali kuujenga? Wangetawanyika, na mitungi ingebebwa na nani? Nikasema moyoni, wacha wale kwanza, wakue, hilo lingine Mungu atalifungulia njia."

"Na fundi?"

"Alikufa. Akaniachia mzigo peke yangu."

Mwatumu alicheka, kicheko kibaya. "Masikini mama yangu. Na Hemedi alipoleta posa?"

"Nilikataa! Hukumbuki? Nilisema mvuna ukungu hana mbele wala nyuma. Nikasema kwao hawana adabu. Nilitafuta kila sababu. Ukagoma kula. Baba yako, Mungu amrehemu, akaniita mwenye roho mbaya mbele ya shemeji zangu. Nikachoka, mwanangu."

"Ukapiga vigelegele, mama. Nilikuwa ndani kwa kungwi, nikavisikia. Vya kwako vilishinda vya wote."

Bi Saumu alichukua ncha ya kanga akaitia machoni. Mwatumu aliona machozi yale na hakuyahurumia. Alishangaa mwenyewe jinsi asivyoyahurumia.

"Mwite Hemedi akate nyaya za vipaza," alisema Bi Saumu baadaye, kwa sauti ya chini. "Anazijua nyaya. Nitaje ukumbini tu, mimi na wewe."

"Mashine haifungui kama haijajisikia nje. Unajua hilo kuliko mimi."

"Basi tumpe kwa kijiko ya kwako, polepole, labda..."

"Labda nini? Mtazame!" Mwatumu alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza mapajani mwa bibi yake. Mwanamvua hakulia. Ile ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, hakuwa tena na nguvu ya kulia. Kibandiko tu ndicho kilicholia kwa niaba yake.

Bi Saumu alimwangalia. Alimpitishia kidole kwenye utosi ulioingia ndani. "Unaniambia niivunje nyumba yako kwa mdomo wangu," alisema. "Na si yako peke yako. Mwanajuma na Shomari. Yule Tunu wa kwa Mbwana, ana tumbo hili hapa. Nusu ya nyumba za vijana wa mji huu ni buluu na nyekundu. Watanipiga mawe."

"Tunu atazaa, mama. Matiti yake yatakuwa kama yangu. Atampeleka mtoto ukumbini, na wewe utaita buluu, na mtoto atatapika. Utaita mpaka lini? Unataka wangapi watapike kwanza?"

"Labda yeye atakuwa na maziwa."

"Labda," alisema Mwatumu. "Hata wewe ulisema labda, mimi nikiwa mapajani mwako. Ukaniokoa, na nashukuru. Sasa mwokoe na huyu, kwa ukweli, kwa kuwa uongo kaukataa tumboni."

Alimchukua mtoto akaondoka. Kisamvu kilibaki kwenye kinu.

*

Hemedi alishuka kileleni mchana na ukungu kwenye nywele. Alivua shati, akajikausha kifua, akampokea mtoto akamlaza pale ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyowafundisha, akamfunika kwa kanga ya mkewe. Alikuwa na mikono mikubwa yenye makovu ya waya, na mtoto alipotea humo.

Mwatumu alisimama akimwangalia. Alitaka kuinyima dunia kile kitambo kidogo, akae nacho. Mume wake, mtoto wake, kanga yake. Alijua akifungua mdomo tu kitakwisha, na kwamba kila atakapokitafuta baadaye atakuta kimeshachafuka.

"Nesi kapima maziwa yangu," alisema. "Mimi si buluu. Mtungi wa buluu ulikufa zamani, wakapanda mbegu ya Bi Kibibi. Mama alijua."

Hemedi alikuwa anampapasa mtoto mgongo. Mkono uliendelea, ukaendelea, halafu ukasimama.

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi."

Aliutazama mkeka. Walikuwa wameamka hapo wawili, alfajiri, na yeye ndiye aliyemfunika Mwatumu miguu kabla hajatoka. Aliutazama mkeka kama kitu alichokikuta njiani na hajui ni cha nani.

"Akitajwa nyekundu, mtoto atapona?"

"Nesi anasema atapona."

"Basi kamwambie mama ataje. Mtoto kwanza."

Alilisema bila kusita hata kidogo. Ndivyo baba anavyotakiwa kusema, na Mwatumu alijua ndivyo, na bado moyo ulimuuma kwamba alilisema haraka kiasi kile. Alitaka Hemedi abishane. Alitaka aseme watoroke, waende bondeni ambako hakuna anayejali shanga, wafie huko. Wangekataa wote wawili, lakini alitaka liwe limesemwa.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe..." Hemedi alifumba macho. "Mwatu, usiniulize. Kadhi ataniambia hata talaka siitoi, kwa kuwa hakukuwa na ndoa. Unaelewa? Hata ya kukuachia sina."

Alimrudishia mtoto. Vidole vyao vikagusana chini ya kanga, vikakaa hapo muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha Hemedi akavitoa vyake. Akachukua shati lake bichi, akalivaa hivyo hivyo, akaenda kuketi barazani.

*

Walikwenda ukumbini kwa mguu, Mwatumu mbele na mtoto, Hemedi nyuma, mbali kidogo. Nesi Eliwaza alikuwa ameshafika. Mwatumu hakuwa na hakika kama mama yake angekuja. Walisubiri. Ukungu uliingia mlangoni ukakaa sakafuni.

Bi Saumu alikuja bila kanga zake za kazi. Alivaa nguo ya nyumbani yenye madoa ya kisamvu, kichwa kimefungwa ovyo. Hakumtazama mtu. Alisimama mbele ya kinasa sauti, akashika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile sauti haikutoka. Alikohoa. Vipaza vikakohoa mji mzima.

"Sikieni," alisema. "Mwanamvua binti Hemedi. Mama yake ni Mwatumu." Akaiachia meza. "Mama yake ni mwanangu Mwatumu, mtoto wa ziwa la Bi Kibibi. La Bi Kibibi, nimesema. Ziwa la Bi Zawena lilikufa yeye akiwa mchanga, nikalificha. Mtungi wa buluu una maziwa ya Bi Kibibi tangu siku ile. Wote mliovaa buluu, watu wa rika lake, ni ndugu wa mliovaa nyekundu. Mimi Saumu ndiye niliyewaita kwa jina la uongo. Leo mtoto anywa ziwa la Bi Kibibi, kama mama yake, kama baba yake. Shuhudieni."

Sauti ilitoka ikapiga kwenye nguzo, ikarudi. Mashine ikajisikia. Ikaridhika, kwa kuwa yenyewe haina ndoa. Mtungi ukanguruma.

Nje mji ulinyamaza. Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Mahali fulani chini kilimani sufuria ilianguka ikabiringika, haikuokotwa, na baada yake mwanamke akaanza kulia kwa kuvuta. Mwatumu aliijua sauti. Ilikuwa ya Tunu. Bi Saumu naye aliijua, akakaa chini sakafuni pale pale, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

Nesi alimpa Mwatumu kikombe. Mwatumu alimweka mtoto mkao wa kuketi, akaugusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, kidogo kidogo, maziwa yasimpalie. Mwanamvua aliramba. Alisita. Akaramba tena, akashika mdundo, na gugumio lake likaenda kwenye kila nyumba ya Pangani Mpya, kwenye zile zilizovunjika na zile zilizokuwa bado zinajihesabu. Kikombe kikajazwa tena. Walisubiri atapike. Nesi alimweka begani akampigapiga, mtoto akacheua hewa, akafumba macho. Tumbo lilikuwa gumu kama mpira. Hayakurudi.

Kibandiko kilichelewa kidogo, kisha kikanyamaza.

Ndipo Mwatumu alipolia, na alilia kwa furaha. Hili lazima lisemwe, kwa kuwa baadaye watu walidai alikuwa na moyo wa jiwe. Alifurahi kwa mwili wake wote. Alimnusa mtoto shingoni, harufu ya maziwa mabichi, akasahau kwa kitambo nani alikuwa nani mle ukumbini, na kwa kusahau huko akainua kichwa kumtafuta mumewe ili wafurahi pamoja.

Hemedi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameingia hatua chache, akaishia hapo. Kuanzia siku hiyo Mwanamvua alikuwa amepata baba, na mjomba, na kaka wa kunyonya, wote katika mtu mmoja, na mtu huyo hakujua asimame wapi. Sheria ilimruhusu kuja. Ilimruhusu hata kumshika Mwatumu mkono, kwani kaka humshika dada yake mkono. Hakuja.

"Amekunywa?" aliuliza.

"Amekunywa."

"Amekaa nayo?"

"Amekaa nayo."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Macho yake yalitoka kwa mtoto yakaja kwa mama, yakaondoka. Taa ndogo ya kinasa sauti ilikuwa bado inawaka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kufunga bomba, na maziwa yalikuwa yakichuruzika polepole kwenye beseni. Mji wote ulikuwa umekaa kimya, ukisikiliza. Hemedi aliiona ile taa. Mwatumu alimwona akiiona.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hongera, dada."

Neno hilo lilikuwa ni lazima lijibiwe. Kina Tunu walikuwa wanangoja, na kina Mwanajuma, kila mmoja na mtu wake kando, kusikia linavyojibiwa. Mwatumu alimvuta mtoto karibu na kifua chake kisichokuwa na maziwa ya kutosha.

"Ahsante, kaka," alisema, na nesi akanyoosha mkono akafunga bomba.